Daftari la Schimmelmann

Leo ilikuwa tuendelee na mashamba ya karafuu ya Pemba pale tulipoachia wiki iliyopita, lakini mambo mawili yamenivurugia ratiba. La kwanza ni tarehe. Juzi ilikuwa 16 Machi, na tarehe kama hiyo mwaka 1792 serikali ya Denmark ilitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa meli zake. Ndiyo, Denmark. Ilimtangulia Mwingereza tunayemsoma vitabuni na manowari zake. La pili ni ujumbe wa sauti wa dada mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Hamburg, Ujerumani, katika wilaya ya Wandsbek. Anasema hivi: "Kaka, huku mtaani kwetu kuna barabara inaitwa Schimmelmann. Nimewauliza wenzangu kazini huyu ni nani. Wa kwanza ananiambia alikuwa tajiri mkubwa. Wa pili ananiambia alikuwa bwana wa watumwa. Wa tatu ananiambia ni jina la ukoo uliokomesha biashara ya watumwa. Nimshike yupi?"

Dada, washike wote watatu. Ila huyo wa tatu amekupunjia maneno, na maneno aliyokupunja ndiyo yaliyonifanya nizifunge karafuu kwenye gunia.

Wandsbek, kwa wasioijua, zamani ilikuwa mji wa peke yake chini ya mfalme wa Denmark, ukitembea kidogo tu umeingia Hamburg. Leo ni wilaya ya Hamburg, na Hamburg ni mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010. Kwa hiyo tusijifanye tunazungumzia watu wa mbali.

Heinrich Carl Schimmelmann alizaliwa mwaka 1724 mjini Demmin, Pomerania, baba yake mfanyabiashara. Najua kuna mtu hapo Mwanza ameshashika simu kuniuliza: sasa huyo si Mjerumani, mbona unatuambia habari za Denmark? Subiri, bwana. Kwa watu wa aina yake bendera ilikuwa kitu cha kupandisha na kushusha. Alianzia Prussia, akaenda kufanya biashara Dresden katika nchi ya Saxony, akiuza kahawa, chai na sukari. Shika hapo, sukari. Alipokuwa kijana alikuwa anaiuza rejareja bila kumiliki hata muwa mmoja.

Mwaka 1756 vikaja Vita vya Miaka Saba. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia akaivamia Saxony. Wewe na mimi tungefunga mizigo tukakimbia. Schimmelmann akaenda kumuuzia mvamizi nafaka za kulishia jeshi. Vita vya panzi, wahenga wamesema, furaha ya kunguru, na huyu alikuwa kunguru mwenye daftari. Halafu kuna jambo moja ninalolipenda mno, niruhusuni nilitafune polepole. Saxony ilikuwa na kiwanda maarufu cha vyombo vya kaure, Meissen. Sahani na vikombe ambavyo ukivishika unaogopa kupumua. Mfalme Frederick aliteka ghala zima. Lakini askari halipwi kwa vikombe, anataka fedha mkononi. Basi nani akajitokeza kununua ghala la vyombo vya wenzake waliotekwa, katikati ya vita? Schimmelmann. Akavisafirisha Hamburg, akavitia mnadani, akavuna. Mwaka 1759 alikuwa amenunua kasri la Ahrensburg, si mbali na Hamburg. Miaka mitatu tangu vita vianze, muuza kahawa ana kasri!

Denmark ikamtamani. Hazina yake ilikuwa imetoboka, na mtu anayeweza kugeuza vikombe kuwa kasri ndiye unayemtaka akushikie hazina. Akaingia katika utumishi wa mfalme, akapewa cheo cha ubaroni mwaka 1762, akanunua Wandsbek mwaka huohuo, akanunua na jumba la fahari mtaa wa Bredgade, Copenhagen. Baadaye akawa mweka hazina wa dola, na mwaka 1779 akapandishwa cheo tena, juu ya ubaroni. Na mwaka huohuo wa 1762, yeye akiwa ameshaingia kwenye mambo ya fedha za dola, Denmark na Norway zikatozwa kodi mpya. Kila mtu aliyezidi miaka 12, tajiri kwa maskini, alipe sawasawa. Wazee wangu mnaonisikiliza, mnaijua hiyo. Hiyo ni kodi ya kichwa. Mwaka 1765 wakulima na wavuvi wa kandokando ya Bergen, Norway, waliingia mjini kwa maelfu kuikataa. Nikisoma habari ile nawaza Maji Maji, nawaza vita vya kodi ya kibanda Sierra Leone. Mkulima ni mkulima, hata akiwa amevaa sweta.

Sasa tufike penyewe.

Denmark ilikuwa na visiwa vitatu Karibi: St. Thomas, St. John na St. Croix, kile cha mwisho kikiwa kimenunuliwa kutoka kwa Mfaransa mwaka 1733. Ni vilevile ambavyo leo vinaitwa Visiwa vya Virgin vya Marekani, maana Denmark ilikuja kuviuza kwa Marekani kwa dola milioni 25 na kuvikabidhi mwaka 1917. Mwaka 1763 mfalme aliamua kuuza mashamba yake ya miwa huko, na kiwanda cha kusafishia sukari kilichokuwa Copenhagen. Mnunuzi ni nani? Mshauri wake wa fedha. Hapo hata mimi nimeweka kalamu chini nikacheka. Leo tungesema kuna mgongano wa maslahi, tume ingeundwa. Wakati ule walisema bwana Schimmelmann ana jicho la biashara.

Na jicho alikuwa nalo. Sikiliza mzunguko wake, usikilize vizuri kwa sababu nitaurudia. Miaka ileile ya 1760 alichukua kiwanda cha bunduki cha Hellebæk, kaskazini ya Copenhagen. Wandsbek kulikuwa na karakana za kupiga chapa vitambaa vya pamba, vilivyoiga vitambaa vya India. Mashamba yake yalitoa pombe kali. Bunduki, nguo, pombe: ndiyo shehena iliyokuwa ikienda pwani ya Guinea, kwenye ngome ya Christiansborg pale Osu, Accra. Huko vinabadilishwa kwa watu. Watu wanavushwa bahari hadi St. Croix, wanakata miwa. Sukari ghafi inapanda meli hadi Copenhagen, inasafishwa, inauzwa. Wafanyabiashara wengine walishika kipande kimoja cha mnyororo huo, huyu meli, yule shamba, mwingine duka. Schimmelmann alikuwa na mkono kila mahali. Bunduki yake, nguo yake, pombe yake, mtumwa wake, muwa wake, sukari yake. Mfuko mmoja! Fedha ikitoka mfuko wa kushoto inarudi mfuko wa kulia, na suruali ni ileile.

Watu wapatao 1,000 walikuwa mali yake kwenye mashamba yale, La Grange na La Grande Princesse kule St. Croix, na mengine visiwa vya jirani. Hakuna aliyemshinda katika visiwa vyote vya Wadenishi.

Hizo bunduki zina mkia wa hadithi. Huku kwetu tuna gobore. Ukienda Ghana au Nigeria, bunduki ndefu ya kienyeji ya mwindaji mpaka leo wanaiita bunduki ya Mdenishi, Dane gun. Mdenishi mwenyewe aliuza ngome zake kwa Mwingereza mwaka 1850 akaondoka, jina limebaki porini na wawindaji.

Na maadamu nimeitaja Christiansborg, siwezi kupita bila kumwamkia Asameni. Najua ni wa kabla ya Schimmelmann, ni mwaka 1693, lakini redio ni yangu leo. Asameni alikuwa mfanyabiashara wa Akwamu, aliyewazoea Wadenishi na wakamzoea. Siku moja akaja ngomeni na wanaume wapatao 80, wateja, wamekuja kununua bunduki. Wadenishi wakafurahi, wakatoa bidhaa. Sasa mteja mwerevu anajaribu kitu kabla hajalipa, si ndiyo? Wakazijaza risasi walizokuja nazo. Ngome ikawa ya Asameni. Akakaa humo kama mwaka mmoja, anapokea meli za mataifa yote na kufanya nazo biashara, kisha akawauzia Wadenishi ngome yao wenyewe kwa dhahabu. Funguo hakuwarudishia. Zipo Akwamu mpaka leo, ni urithi wa kiti cha mfalme wao. Na ile ngome ndiyo iliyokuja kuwa ikulu ya Ghana kwa miaka mingi. Nikifikiria kwamba marais walilala kwenye jumba ambalo funguo zake za zamani anazo mtu mwingine, nacheka peke yangu.

Turudi baharini, na hapa hakuna kicheko. Mwaka 1768 meli ya Wadenishi iitwayo Fredensborg ilipakia watu 265 pwani ya Guinea. Haikuwa ya Schimmelmann, ilikuwa ya kampuni, lakini njia ni ileile na bidhaa ni zilezile. Wengine walikufia njiani, waliosalia wakauzwa St. Croix. Ikarudi na shehena, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo ikapigwa na dhoruba ikavunjika karibu na Arendal, Norway. Mwaka 1974 wapiga mbizi waliikuta chini ya maji, pembe za ndovu zimo. Kinachotisha ni kwamba nyaraka za safari ile zilinusurika. Nani kaugua, nani kafa siku gani, kimepikwa nini. Mali bila daftari huisha bila habari, na hawa daftari walikuwa nalo.

Ngoja. Produsa wangu ananionyesha karatasi kupitia kioo. Kuna mzee amepiga simu kutoka Bagamoyo, na swali lake limeandikwa hivi: "Mwanangu, umelitaja jina la huyo tajiri mpaka nimelikariri. Hao watu wake 1,000 hawana majina?"

Shikamoo, mzee. Umenikamata pabaya. Nilikuwa nakwenda kwenye ile amri ya 1792, lakini amri inaweza kungoja. Jina moja ninalo, la mtu aliyemilikiwa na ukoo huohuo, na ni jina ambalo nusu ya leo ningepaswa kuwa nalizungumzia: Hans Jonathan.

Alizaliwa St. Croix mwaka 1784, miaka miwili baada ya Schimmelmann mkubwa kufariki. Mama yake aliitwa Emilia Regina, mtumwa wa nyumbani. Baba mzungu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Schimmelmann mwingine wa ukoo uleule, aliyekuwa gavana kule visiwani. Familia iliporudi Copenhagen, kijana akaletwa naye, na gavana huyo akafa, kijana akabaki kuwa mali ya mjane. Mwaka 1801 Waingereza chini ya Nelson wakaishambulia Copenhagen. Hans Jonathan akatoroka nyumbani akajiunga na jeshi la majini la Denmark, akapigana, akasifiwa. Mwana wa mfalme mwenyewe aliandika kwamba anahesabiwa kuwa mtu huru. Mjane akasema, hongera kwa vita, lakini huyu ni wangu. Wakaenda mahakamani! Kesi ipo kwenye kumbukumbu: mke wa Meja Jenerali Schimmelmann dhidi ya chotara Hans Jonathan. Mwaka 1802 hakimu Anders Sandøe Ørsted, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu, akaamua kwamba mjane ana haki ya kumrudisha mtu wake visiwani.

Naomba urudie hiyo tarehe kichwani. Uamuzi ni wa 1802, miaka kumi baada ya ile amri tuliyoadhimisha juzi.

Hans Jonathan hakukaa kusubiri meli ya St. Croix. Akapotea. Na mwaka uleule akaibukia wapi? Iceland! Kijiji cha Djúpivogur, pwani ya mashariki, upepo na barafu na kondoo. Akaajiriwa kwenye duka la wafanyabiashara wa Kidenishi, akaoa binti wa huko, Katrín, mwaka 1820, na watoto wao wawili wakakua wakubwa. Alifariki 1827. Wajukuu na vitukuu wake ni mamia, wamejaa Iceland, wengine hawakujua. Na mwaka 2018 wanasayansi wa huko walichukua vinasaba vya wazao wake 182, wakakusanya vipande vya asili ya Kiafrika, wakajenga upya zaidi ya theluthi moja ya kile alichorithi kwa Emilia Regina. Bila mfupa wake hata mmoja! Kaburi halijulikani, mama yake hakuacha hata picha, lakini damu imetunza.

Kwa hiyo mzee wangu, ukiniomba nikutajie mfanyabiashara wa Kidenishi wa ng'ambo, nina wawili. Mmoja ana kasri. Mwingine yuko nyuma ya kaunta, Djúpivogur, na bado kisheria ni mali ya mtu.

Sasa amri. Schimmelmann mkubwa alifariki Februari 1782, akaacha mashamba, kiwanda, watu, na mtoto wake Ernst, aliyekuja kuwa waziri wa fedha. Ernst alikuwa mtu wa vitabu. Yeye na mwanamfalme wa Augustenburg ndio waliompa mshairi Schiller posho ya miaka mitatu alipokuwa mgonjwa hana kitu. Mtu mwema, marafiki zake wote walisema. Na mwaka 1791 ndiye aliyesukuma iundwe tume ya kuchunguza biashara ya watumwa. Huyu ndiye wa yule mtu wa tatu kazini kwako, dada.

Tume ikakaa. Na hapa ndipo wanahistoria wanapogombana, na mimi nimechagua upande. Wengine husema Ernst alichomwa na dhamiri. Sikatai, dhamiri ilikuwamo. Lakini ukisoma walichokuwa wanakipima, ni hesabu: ngome za Guinea zinakula fedha ya serikali kuliko zinavyoleta, watu wanakufa njiani na kila anayekufa ni hasara, na Mwingereza anaelekea kupiga marufuku, akianza yeye atatubana. Kisha wakajiuliza kama mashamba yanaweza kuendelea bila kuletewa watu wapya. Wakajibu yanaweza, ikiwa watumwa waliopo watazaana wenyewe. Wanawake walikuwa wachache. Basi dawa ikawa kuwapa wenye mashamba muda na nafasi ya kununua wanawake wa kutosha.

Muda gani? Amri ni ya Machi 1792. Kuanza kazi ni mwanzoni mwa 1803. Karibu miaka kumi na moja! Na katika muda huo serikali ikawakopesha wenye mashamba fedha za kununulia watumwa, na ikawapunguzia kodi kwa wanawake wanaolima. Matokeo ni yale ambayo mama ntilie yeyote wa Kariakoo angekutabiria. Mwambie mteja bei ya sukari inapanda mwezi ujao, uone foleni ya leo. Biashara ya watu ikashamiri kuliko zamani. Na huyo waziri aliyeandika amri, mmojawapo wa wenye mashamba waliopewa muda huo, jina lake lilikuwa Ernst Schimmelmann.

Kilichopigwa marufuku ni kuwavusha watu bahari. Kuwamiliki kuliendelea. Hapo sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa sana, soko la Zanzibar lilifungwa 1873 na utumwa wenyewe ukabaki na sheria yake miaka mingi baadaye. Kwa Wadenishi ulidumu mpaka 3 Julai 1848, miaka 56 baada ya amri, na haukuondolewa na tume. Watumwa wa St. Croix walijikusanya kwa maelfu mjini Frederiksted, kiongozi wao akiitwa Buddhoe, wakadai uhuru wao siku ileile, na Gavana Peter von Scholten akatazama umati, akapiga hesabu zake, akawatangaza huru. Copenhagen haikuwa imempa ruhusa.

Dada wa Tanga, najua unataka kusikia ya mtaani kwako kabla muda haujatuishia. Mwaka 2006 waliweka sanamu ya kichwa cha Schimmelmann hapo Wandsbek. Ndiyo, 2006, simu za mkononi zipo, Kilwa Road ina mataa. Watu weusi wa Hamburg na wenzao wakapinga, sanamu ikamwagiwa rangi, na mwaka 2008 ikaondolewa. Na ndani ya wilaya hiyohiyo, Jenfeld, kwenye eneo la kambi ya jeshi iliyokuwa na jina la jemadari wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, kuna sanamu kubwa za askari wetu wa vita vya Mjerumani, wamechongwa wakimfuata afisa wake. Zilipowekewa bustani yenye jina la Tanzania mwaka 2003, waziri mkuu wetu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitarajiwa kwenye ufunguzi. Hakutokea. Sijawahi kumuuliza kwa nini, lakini siku hiyo mimi nilimpigia makofi nikiwa nyumbani.

Kaburi la Schimmelmann lipo, kajengewa nyumba yake ya mawe kabisa karibu na kanisa, hatua chache kutoka kituo cha treni cha Wandsbek Markt. Kasri lake la hapo Wandsbek walilibomoa karne ya 19. Pita siku moja ukirudi kazini, utuambie kama kuna maandishi yoyote yanayotaja sukari. Mzee wa Bagamoyo, nimeandika namba yako, nitakupigia. Na karafuu, Mungu akipenda, ni Alhamisi ijayo.